Kifaa Hiki Kinamfaa Nani?

Wengi wetu huanza kupiga hesabu tukiwa bado tumesimama mbele ya duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Tunagawa bei kwa miaka tunayodhani kifaa kitadumu, tunaongeza uniti za LUKU kitakazokula, kisha tunajiuliza kama tutakitumia vya kutosha. Kikitumika kila siku, kinafaa. Kikiishia kabatini, hela imepotea. Siidharau hesabu hii. Mshahara hautoshi, na friji moja tu inaweza kuivusha nyumba uniti 75 kwa mwezi, mpaka ambao mteja mdogo akiuvuka bei nafuu inamponyoka. Lakini hesabu yenyewe ina pengo kubwa: haina mtu ndani yake. Inasema kifaa kitatumika, haisemi na nani. Inasema kinafaa, haisemi kinamfaa nani.

Henry David Thoreau, Mmarekani aliyehamia kando ya ziwa dogo la Walden mwaka 1845, alitaka gharama ya kitu ipimwe kwa maisha ambayo mtu anayatoa ili akipate, wala si kwa fedha peke yake. Ni fikra kali, na ingewafaa sana wanaokopa ili wanunue runinga. Ila Thoreau aliishi peke yake katika kibanda chake. Aliyetoka jasho ndiye aliyefaidi, na aliyeamua kukikosa kitu ndiye aliyekikosa. Nyumba zetu haziko hivyo. Mwenye pochi ni mmoja, mwenye kufanya kazi ni mwingine, na anayeamua kwamba kitu fulani si cha lazima mara nyingi si yeye anayeishi bila hicho kitu.

Chukua mashine ya kufulia. Nimesikia mara nyingi, tena kwa watu wema, kwamba haina haja kwa sababu dada wa kazi yupo. Mtazame basi huyo dada siku ya mashuka. Ameamka usiku kwa sababu maji ya bomba yanatoka alfajiri na kukatika kabla ya saa mbili. Amejaza madumu, ameroweka, ameinama kwenye beseni. Shuka la kitanda cha sita kwa sita likishalowa halikamuliki na mtu mmoja, kwa hiyo analizungushia kwenye nguzo ya kamba, anashika ncha zote mbili na kusokota mpaka viganja vinawaka moto. Sabuni ya unga inaingia kwenye michubuko ya vidole. Bado jinzi za baba, bado sare za watoto. Akimaliza kuanika, mgongo haunyooki. Haya yote yanatokea katika nyumba iliyoona kwamba runinga ya inchi 55 ina thamani kwa sababu inawashwa kila siku. Kwa kuhesabu mara ngapi, runinga inashinda bila ubishi. Lakini kutazama mpira mara moja na kukamua shuka mara moja havipimwi kwa mizani moja, hata ungeigawa bei namna gani.

Sisemi kwamba mashine ikiingia ndani basi haki imetendeka. Historia inakataa. Mwaka 1974 mtafiti Joann Vanek alilinganisha saa za kazi za nyumbani za wanawake wa Marekani wasio na ajira. Miaka ya 1920 zilikuwa kama 52 kwa wiki. Miaka ya 1960, wakati umeme, maji ya bomba na mashine za kufulia vimeshaenea, zilikuwa kama 55. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alilirudia suala hilo katika kitabu chake More Work for Mother cha mwaka 1983, na maelezo yake yamenikaa moyoni. Anaonyesha kwamba mabadiliko mengi yaliwapunguzia kazi wanaume na watoto, waliokuwa wakipasua kuni, kubeba maji na kusaga nafaka, huku mama akibaki peke yake na yaliyosalia. Kisha kiwango cha usafi kikapanda, na aliyekibeba ni yeye. Shati lililovaliwa siku tatu likawa la siku moja.

Kwa hiyo tunachonunua, zaidi ya injini na plastiki, ni saa za mtu, na saa hizo lazima ziwe na mwenyewe. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, bila moshi na bila mtu wa kupepea mkaa. Mama anayefika nyumbani saa kumi na mbili jioni anajua mara moja amepata nini. Hapo swali linajibika kirahisi, kwa kuwa anayenunua na anayepika ni mtu mmoja.

Wapo watakaosema kwamba ukimpunguzia dada kazi, mwisho utamwachisha. Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Lakini nyumba yenye watoto wadogo haikosi la kumpa mtu mzima, na mtu hapaswi kulipia ajira yake kwa ngozi ya vidole.

Kuna nyumba ninayoifahamu, huko Tabata, ambako walikwenda dukani kununua mashine ya kufulia pamoja na dada mwenyewe. Baba alikuwa ameipenda ile ya otomatiki yenye mlango wa kioo mbele. Dada akauliza maji yatatoka wapi siku bomba halitoi, na umeme ukikatika katikati nguo zitatolewaje. Wakanunua ya matangi mawili, inayojazwa kwa ndoo. Sasa kufua kunaisha saa nne asubuhi. Saa zilizopatikana bado hazijazungumzwa: wiki iliyopita alipewa mapazia apige pasi, mapazia ambayo zamani yalitundikwa hivihivi. Yeye ameomba Jumamosi mchana aende kujifunza cherehani. Wenye nyumba wanasema wanafikiria. Nimewaambia wazi kwamba wakimkatalia, mashine ile waliyanunulia mapazia.