Kuishia Aya ya Nane

Somo: Marko 16:1–8



Kijiji cha Yaughton kimebaki bila mtu. Ni Juni 1984, huko Shropshire, Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Redio zinaongea zenyewe ndani ya nyumba zilizoachwa wazi, vitambaa vyenye damu vimetupwa ovyo, na njiani wamelala ndege waliokufa. Msikitafute kwenye ramani. Ni kijiji cha kubuni, ndani ya gemu liitwalo Everybody's Gone to the Rapture, lililotengenezwa na studio ya The Chinese Room na kutolewa mwaka 2015. Jina hilo linasema wote wamekwenda kwenye Unyakuo, lakini anayecheza hasikii parapanda wala haoni mbingu zikifunguka. Hana bunduki, hana adui, wala hawezi kufa. Anatembea tu. Anafuata mwanga unaoelea hewani, na hapa na pale mwanga huo unajikusanya kuwa maumbo ya watu wanaorudia maneno waliyoambiana siku zao za mwisho. Hata yeye anayetembea haambiwi ni nani.

Baadhi yenu mtashangaa kuona gemu kwenye tafakari ya juma. Vijana wetu wengi hukutana na maswali ya kifo kwenye skrini kabla hawajayasikia mimbarini, na nisingependa wayabebe peke yao. Kwa hiyo tuingie Yaughton.

Yupo Frank, mkulima, na dada yake Wendy. Kati yao kuna ufa ulioanzia kwenye kifo cha Mary, mke wa Frank. Yupo Lizzie, aliyempenda Stephen zamani na hajaacha kumpenda, ingawa Stephen amerudi nyumbani akiwa na mke, Kate. Yupo kasisi Jeremy, anayewahangaikia watu wake mpaka anabaki ndani ya kanisa na maswali yake mbele za Mungu. Stephen na Kate ni wanasayansi wa kituo cha kuangalia nyota, nao ndio wa kwanza kukutana na ule mwanga. Stephen anauona kama ugonjwa, na anataka uzuiwe usitoke bondeni hata ikibidi wanakijiji wafe. Kate anaamini ni kitu chenye uhai kinachojaribu kuzungumza nasi, kisichotambua kwamba kinaua kinapogusa. Nani kati yao yuko sahihi? Mwishoni Kate anasema ameelewa, na anasema kwa utulivu mkubwa. Lakini sauti yake ndiyo pekee tuliyobaki nayo, na mtu aliyefungiwa peke yake na huzuni anaweza kuamini mengi. Gemu linaisha bila kutuambia.

Kijana mmoja wa usharika wetu alilimaliza, akanijia na swali: “Mchungaji, sasa wale watu walikwenda wapi?” Nikamwuliza ni nani kati yao anayemkumbuka zaidi. Alifikiri kidogo, akaanza kunisimulia habari za Frank na mashamba yake, na ile huzuni ya mkewe aliyoibeba bila kuisema. Alieleza kwa muda mrefu, kama mtu anayemzungumzia mjomba wake. Alipomaliza, swali lake la kwanza lilikuwa bado lipo, na hakuonekana kukasirika kwamba lipo.

Sisemi kwamba kila hadithi isiyofungwa ni njema. Ziko nyingi ambazo mtunzi wake amekwepa kazi, akarundika mafumbo kwa sababu hakuwa na la kusema. Mimi huzipima hivi: liondoe fumbo, uone ni nani anayebaki. Ukiuondoa ule mwanga wa Yaughton, Frank na Wendy bado wanahitaji kupatana, na Lizzie bado anaumia. Mtunzi anayewajua watu wake hivyo ana haki ya kutunyima jibu.

Sasa fungueni Marko 16. Maria Magdalene, Maria mama yake Yakobo, na Salome wanafika kaburini jua linapochomoza. Jiwe limekwisha kuvingirishwa. Kijana mwenye vazi jeupe anawaambia kwamba Yesu amefufuka, na kwamba anawatangulia Galilaya. Nao wanakimbia wakitetemeka, na kwa hofu hawamwambii mtu. Hiyo ni aya ya nane. Nakala mbili za kale sana za Biblia ya Kigiriki, Vaticanus na Sinaiticus, zote za karne ya 4, zinakomesha Injili ya Marko hapo hapo. Yesu mfufuka hajaonekana. Hakuna aliyemkumbatia wala aliyekula naye samaki.

Baadhi ya wanakili waliokuja baadaye hawakuweza kuacha hivyo. Kuna nakala zenye mwisho mfupi ulioongezwa, na kuna zile nyingi zenye mwisho mrefu, ambao kwetu ni aya ya 9 hadi ya 20. Tafsiri nyingi za leo huuweka ndani ya mabano au huueleza chini ya ukurasa. Wanakili hao siwalaumu hata kidogo. Waliipenda Injili, na nadhani waliwahurumia wale kina mama walioachwa wanakimbia. Wapo pia wataalamu wanaodhani kwamba ukurasa wa mwisho ulipotea mapema. Mimi naamini Marko alijua anachofanya. Ufufuo ameutangaza waziwazi katika aya ya sita, bila kuficha neno. Alichokiacha wazi ni sisi wanadamu: hawa wenye hofu watafanya nini na habari waliyopewa?

Nawaomba mlibebe jambo hili mpaka kwenye misiba yetu, maana huko ndiko tunakoongeza aya ya tisa kwa haraka mno. Mwili haujafika kutoka hospitali, na tayari mama aliyefiwa ameshaambiwa kwamba Mungu alimpenda mwanawe zaidi, au kwamba mtoto ameepushwa na mabaya yaliyokuwa yanamngoja. Nani alituonyesha hayo? Ayubu hakuambiwa kamwe kilichozungumzwa mbinguni katika sura ya kwanza. Sisi wasomaji tunajua, yeye hakujua, na Bwana aliposema naye kutoka katika upepo wa kisulisuli alimjia na maswali. Rafiki zake walifanya vema zile siku saba walizokaa naye chini bila kunena. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipoharibu, na katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia kwa waliyosema juu yake.

Lakini naomba niseme na upande wa pili, kwa sababu nimeona maneno ya kiroho yakitumika vibaya. Yapo maswali yenye majibu, na wenye majibu wako hai wamekaa ofisini. Mama aliyekufa akijifungua kwa sababu hakuna aliyeitwa, kijana aliyechukuliwa usiku na hajulikani alipo: hayo hatuyaiti mafumbo ya Mungu. Familia ina haki ya kuuliza, na kanisa lina wajibu wa kwenda nayo hospitalini, polisi na mahakamani. Mchungaji anayewaambia waliodhulumiwa wakubali tu yasiyoeleweka anamlinda mkosaji.

Nyumba za waliopotea zinanigusa zaidi ya zote. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Pauline Boss, aliyezifanyia kazi familia za askari waliopotea katika vita vya Vietnam, aliandika juu ya msiba wa namna hii: mtu hayupo, wala hakuna kaburi. Familia haiwezi kuanua matanga ambayo haikuyaanza. Anaonya kwamba kuwasukuma watu hao wakubali na kuyamaliza ni kuwaongezea mzigo, kwa kuwa kinachowaumiza ni hali yenyewe waliyomo, wala si udhaifu wa imani au akili zao. Wanaweza kujifunza kuishi huku wakisema kwa pamoja kwamba huenda amekufa na huenda atarudi.

Nyumba za namna hiyo tunazo hapa usharikani. Wazee wa kanisa na akina mama wameombwa kuzitembelea juma hili, na vijana nawaomba waandamane nao, kwa kuwa baadhi yao wamezoea hadithi zisizofungwa kuliko sisi. Msiende na maelezo. Ombeni msimuliwe: alikuwa akiimba sauti gani kwaya, alipenda chakula gani, nani alimfundisha kuendesha baiskeli, aligombana na nani na walipatana vipi. Litajeni jina lake katika sala, na msilitaje kama la marehemu kama familia yenyewe haijasema hivyo. Na wakiwauliza yuko wapi, waambieni kwamba hamjui, kisha muulize mtarudi siku gani.