Kazi za Watoto Ukutani: Ni Haki ya Nani?

Yako mambo ambayo watu huyaona madogo, na ndani yake mna haki za watu. Mojawapo ni huku kutundika kazi za watoto kwenye kuta za chekechea. Mwalimu achagua karatasi, aibandika, wageni waisifu, na jambo limekwisha. Lakini sisi twauliza: yatundikwa kazi ya nani, na kwa ajili ya nani?

Zamani swali hili halikuwapo. Mtoto chuoni aliandika kwenye ubao wa mti, akauosha, akaandika tena. Hapakuwa na cha kutundika. Mwaka 1986, baada ya wazee wa Kiislamu wa Mombasa kuomba msaada wa Aga Khan, ilifunguliwa hapo Mombasa chekechea ya kwanza ya mpango wa madrasa, chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said. Elimu ya dini na michezo ya kujifunza ikawekwa pamoja, na watoto wakapewa vitu vya hapa hapa kwetu kufanyia kazi: vifuu, makombe, vizibo vya chupa. Mpango huo ukafika Unguja na Uganda. Hiyo ni kheri kubwa. Na kila kheri ina adabu zake.

Adabu ya kwanza ni ukweli. Mtoto wa miaka minne amechora jahazi, tanga kubwa kuliko chombo chenyewe, mlingoti umepinda. (Hukumu ya kuchora vyenye roho ina mahali pake pengine, mifano yetu hapa ni majahazi na minazi.) Siku ya wazazi yakaribia, na mwalimu ashika kalamu, aunyosha mlingoti, alipunguza tanga, kisha chini aandika jina la mtoto. Huu ni nini ila ushahidi wa uongo? Wageni hawajui, lakini mtoto ajua. Naye hapo amesomeshwa mambo mawili ambayo hayamo katika ratiba: kwamba mkono wake hautoshi, na kwamba uongo waruhusiwa wajapo wageni.

Adabu ya pili ni uadilifu. Wako walimu wasiogusa kazi ya mtoto, lakini hutundika zilizo nzuri tu, na nyingine zikabaki kabatini. Sote twaijua khabari iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya Nuuman bin Bashir: baba yake alimpa yeye zawadi, akaenda kumtaka Mtume (s.a.w.) awe shahidi, akaulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wake, akasema hapana, na Mtume akakataa kushuhudia. Ikiwa mzazi hakuachiliwa kupendelea katika mali yake mwenyewe, mwalimu ataachiliwaje katika ukuta wa watu wote?

Atasema msemaji: kushindana katika mema ni jambo la sifa, na mtoto asiyeonyeshwa kilicho bora hatajitahidi. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini mashindano yataka wenye kulingana. Katika darasa moja la watoto wa miaka minne, huyu aweza kuwa amemzidi mwenziwe miezi kumi na mmoja, nayo ni karibu robo ya umri wa yule mdogo. Kumtukuza mkubwa kwa mlingoti ulionyoka ni kumtukuza kwa mwezi aliozaliwa. Anayestahili kushindana naye mtoto huyu ni yeye mwenyewe: litundikwe jahazi lake la mwezi wa kwanza kando ya lile la mwezi wa sita, aone alikotoka.

Basi, je, zitundikwe zote pamoja hata ukuta usionekane? La. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa khabari ya watoto 24 wa chekechea waliofundishwa mara katika chumba kilichojaa mapambo, zikiwamo kazi zao wenyewe, mara katika chumba chenye kuta tupu. Penye kuta tupu walijibu sawa maswali 55 katika kila mia. Penye mapambo 42. Macho yalikuwa ukutani, na somo likapita. Kwa hiyo uadilifu si kubandika kila kitu siku moja, bali ni kupeana zamu, kila mtoto afikiwe.

Na hekima haiulizwi kabila lake. Huko Reggio Emilia, Italia, ambako baraza la mji lilifungua chekechea yake ya kwanza mwaka 1963, Loris Malaguzzi na wenzake walizoea kutundika pamoja na kazi maneno ya mtoto mwenyewe, na hatua alizopitia mpaka akaimaliza. Ukuta wa namna hii humwonyesha mtazamaji mtoto anavyofikiri, wala hauwi pambo la skuli.

Nasaha zetu kwa walimu ni chache, wala hazina gharama. Kuta zetu za chokaa hazishiki gundi. Fungeni kamba na vibanio vya nguo, iwe kimo cha macho ya mtoto, si cha mgeni. Mwulizeni mtoto kama aridhia kazi yake itundikwe, kwani ni mali yake, na mikononi mwenu ni amana. Yaandikeni maneno yake kama alivyoyasema. Na zamu ikiisha, mrudishieni aende nayo kwao, isitupwe jaani.

Nanyi wazazi, mwingiapo chekechea msitafute iliyo nzuri kuliko zote. Mshikeni mwana wenu mkono, simameni mbele ya jahazi lake lililopinda, mwulizeni amelifanyaje, kisha msikilizeni mpaka amalize.

Wa billahi tawfiq.