HAKI YA NGEGE

Ndugu zetu Waislamu, ukiingia sokoni hapa Umoja, Nairobi, wakati wa jioni, utakuta omena, mgongo wazi uliokaangwa, na samaki waitwao ngege. Wengi wetu tuliotoka pwani twasema samaki ni wa bahari, na hawa wa maji tamu si shughuli yetu. Lakini juu ya meza ile pana mas-ala makubwa: je, yafaa mwanadamu kuiondoa duniani jinsi nzima ya kiumbe, kisha akatoa udhuru kuwa alikuwa akitafuta riziki?

Kwanza tuijue khabari yenyewe. Ngege wa asili ni samaki wa Ziwa Viktoria na maziwa ya jirani yake. Hula vijimea vidogo vya majini, na jike huyalea mayai na watoto wake kinywani mwake. Mtaalamu Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alimwona kuwa ndiye bora wa samaki wa chakula. Lakini tangu mwaka 1905 nyavu za kigeni zilikwisha ingia, na wavu ukawa warudi na samaki wachache zaidi na zaidi. Katika miaka ya 1930 ikawekwa sheria kuwa jicho la wavu lisipungue inchi 5. Baadaye sheria hiyo ikaachwa, na macho madogo yakaenea.

Samaki walipopungua, watu hawakupunguza tamaa, bali walitafuta samaki mwengine. Katika miaka ya 1950 wakatiwa ziwani ngege wa Mto Nile na mbuta. Graham alikwisha onya zamani kuwa kumtia humo samaki mkubwa mla wenzake, bila ya uchunguzi mrefu, ni hatari kubwa. Hakusikizwa. Ilipofika miaka ya 1980 mbuta alikuwa ametamalaki, na jinsi nyingi za samaki wadogo waitwao fulu, zikadiriwazo kuwa kama 200, zikatoweka. Ngege wa asili karibu amalizike katika ziwa kubwa. Amebakia katika maziwa madogo kama Kanyaboli, kwenye kinamasi cha Yala. Huko nako kinamasi hukaushwa kwa kilimo, na ngege wa Nile akiingia huzaana naye hata asili yake ikapotea. Wengi wauzwao leo kwa jina la ngege ni hao wa Nile. Jina limebaki, mwenyewe hayupo.

Atasema mtu: mbuta amelisha watu na kuleta fedha. Ni kweli, wala hatuikani. Lakini tuulize, nani amekula nini? Minofu yapelekwa ng'ambo, na mtu wa Eastlands hununua mgongo wazi, yaani mifupa iliyobakia. Na mbuta mwenyewe sasa amepungua kwa kuvuliwa mno.

Mwengine atasema: Mwenyezi Mungu ametuumbia vyote, basi tuvitumie. Naam, lakini ruhusa ya kula si ruhusa ya kumaliza. Sisi wa Umoja wengi ni wapangaji, na twajua kuwa kulipa kodi hakumpi mtu haki ya kung'oa milango. Nabii Nuhu (a.s.) aliamrishwa achukue jozi katika kila jinsi, wala hakuambiwa achague wenye faida kwake. Na wanavyuoni wetu wamekubaliana kuwa kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Mali iliyopotea yaweza kulipwa. Jinsi iliyotoweka hailipiki, na wanaodhulumiwa ni watoto wasiozaliwa bado, ambao hawawezi kusimama kudai.

Basi dhambi ni ya nani? Si haki kumtwika yote mvuvi mwenye watoto wenye njaa. Kila mtu ataulizwa kwa kadiri ya elimu yake na uwezo wake: aliyeonywa akaziba masikio ana fungu kubwa, mwenye kufanya biashara ya nyavu zilizokatazwa ana fungu lake, na mnunuzi wa samaki wachanga hakuepukana nalo, kwani lau hapangekuwa na mnunuzi wasingevuliwa.

Wala tusidhani jambo hili li mbali na pwani. Juya likokotwalo ufuoni hukusanya vitoto vya samaki kama wavu wa ziwani. Na taka tunazozitupa katika mitaro ya Eastlands huingia Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Sabaki, mpaka baharini karibu na Malindi, kwenye sahani za jamaa zetu.

Kwa hivyo yatupasa tukatae samaki wachanga hata wakiwa rahisi, tusitupe uchafu mitoni, na tuwafundishe watoto wetu kumjua ngege wa kweli kwa jina lake. Amana hulindwa kabla haijapotea. Baada ya hapo hubakia majuto tu. Mwenyezi Mungu atuongoze.