Ghadhabu ya Mrefu

Nimechoshwa na kauli kwamba mwenye mwili mkubwa hana ruhusa ya kukasirika. Majuzi nilibishana juu yake hadi usiku na rafiki yangu, kocha wa mabinti, na kilichotugombanisha ni video ya Machi 10, 2024, fainali ya mpira wa kikapu wa wanawake ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, mjini Greenville, kati ya South Carolina na LSU. Zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei, Flau'jae Johnson wa LSU alimchezea MiLaysia Fulwiley rafu ya makusudi, kisha akampiga Ashlyn Watkins kikumbo akipita. Kamilla Cardoso wa South Carolina, Mbrazili wa mita 2.01, akaja mbio, akamsukuma Johnson kwa nguvu, binti akaenda chini. Benchi zikamwagika uwanjani. Kaka yake Johnson akaruka meza ya watunza alama, polisi wakamkamata. Wachezaji 6 walitolewa, na Cardoso akafungiwa mchezo wa kwanza wa mashindano ya taifa. Aliomba radhi, na kocha wake, Dawn Staley, naye akaomba radhi.

Adhabu yenyewe sina ugomvi nayo. Kosa ni nini, nidhamu ni nini, hayo yanajulikana. Kilichonichoma ni maneno yaliyofuata. Kim Mulkey, kocha wa LSU, aliwaambia waandishi kwamba ingekuwa afadhali Cardoso angemsukuma Angel Reese, mrefu wa timu yake, na kwamba mtu wa kimo kile hasukumi mtoto mdogo namna ile. Mtoto huyo alikuwa na miaka 20, Cardoso 22. Rafiki yangu akaunga mkono kwa pumzi moja: "Bwana, mkubwa ni jalala."

Methali hiyo imetumika vibaya. Mkubwa inayemsema ni mzee wa ukoo. Yeye humezea maneno ya wadogo, nao humwamkia, humpisha kiti, humpelekea mashauri yao, na akiamua husikilizwa. Subira yake ina malipo. Binti mrefu anayecheza chini ya kikapu analipwa nini? Kwa dakika 40 anapigwa viwiko vya mbavu, anavutwa jezi, anaegemewa na watu wawili kila ribaundi. Na kwa kuwa hayumbi, mwamuzi anaamini hakuguswa. Akianguka, anaambiwa anaigiza. Kimo hicho hakukiomba, wala hakimpi kauli juu ya yeyote. Kumdai subira ya mzee na kumnyima heshima ya mzee ni dhuluma, hata ikisemwa kwa sauti ya busara.

Rafiki yangu akabadili njia. Mrefu ana nguvu zaidi, alisema, hivyo akikosea anadhuru zaidi, basi ajizuie zaidi. Hoja hii hunikera kuliko zote kwa sababu inafanana sana na haki. Kama tunapima madhara, tupime madhara yaliyotokea: Johnson aliinuka mzima. Kama tunapima madhara ambayo yangeweza kutokea, basi kosa la Cardoso lilianza kabla hajanyanyua mkono, na kila mrefu anaingia uwanjani akiwa tayari na deni ambalo wafupi hawanalo. Na deni hilo halilipiki, maana hawezi kuurudisha urefu wake. Tena ajabu, kikumbo alichopigwa Watkins hakikutajwa kabisa katika mabishano yetu mpaka nilipokitaja mimi. Cha mdogo kiliitwa joto la mchezo, cha mkubwa kikaitwa ukatili. Kwamba msukumo ulikuwa mkali kuliko kikumbo, nakubali. Kwamba timu haiendeshwi kwa kulipiziana visasi, nakubali pia.

Nikifika hapa mawazo hunipeleka Chuo cha Smith, Massachusetts. Mwaka 1892 Senda Berenson aliuchukua mchezo ambao James Naismith alikuwa ameubuni mwaka uliotangulia Springfield, jirani tu, akaupeleka kwa wanafunzi wake wa kike. Alihofia wangechezeana kibabe, hivyo aliugawa uwanja sehemu tatu, akamfunga kila mchezaji katika sehemu yake, akakataza kumpokonya mwenzako mpira mkononi. Mizizi ya hofu hiyo ilikwenda mbali. Shule za Iowa zilicheza mchezo wa mabinti sita kila upande, watatu wa kushambulia na watatu wa kulinda, bila kuvuka mstari wa kati, hadi 1993. Huko ndiko Denise Long alikofunga pointi 111 katika mchezo mmoja mwaka 1968. Naupenda mchezo ule wa zamani kuliko inavyonipasa, ingawa ulijengwa juu ya kumdharau mwanamke. Chaki ilimzuia kila mtu kwa kiasi kilekile. Mistari ilipofutwa, mwanamke akapata uwanja mzima, ambao ulikuwa haki yake, na kazi ya kuzuia ikahamia ndani ya kila mchezaji. Hapo ndipo tulipoanza kuigawa bila usawa.

Mulkey mwenyewe aliwahi kusimama upande wa pili. Machi 3, 2010, akiwa kocha wa Baylor, mchezaji wake Brittney Griner, mwenye miaka 19 na zaidi ya mita mbili, alivutana na mchezaji wa Texas Tech chini ya kikapu huko Lubbock, kisha akamrushia ngumi iliyomvunja pua. Kanuni ilimfungia Griner mchezo mmoja. Mulkey akaongeza wa pili. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa ngumi. Ule wa pili nimeufikiria mara nyingi. Ngumi ileile ingerushwa na binti wa mita 1.65, ungeongezwa? Naamini usingeongezwa, na imani hiyo ndiyo inayonitia hasira. Lakini mkono mwepesi pengine usingevunja pua, na sina jibu ninaloweza kumpa aliyevunjwa.