Somo Lililolipiwa na Wengine

Kuna sifa moja ambayo waandishi wa maisha ya viongozi hupenda kuitoa pasi na kuipima: kwamba makosa ya ujana ndiyo yaliyomfunza mtu hekima ya utu uzima. Sifa hiyo yapendeza kuisikia, na mara nyingi ni kweli. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini ulimwengu haufunzi bure. Mkulima aliyekosea majira hupoteza mbegu zake mwenyewe. Mvuvi asiyeujua upepo huhatarisha chombo chake na roho yake. Ama askari kijana aliyepewa watu wa kuwaongoza, akikosea yeye hufa wao. Hapo pana swali la maadili lisilojibiwa kwa kusema tu kwamba mwisho wa yote mtu huyo alitokea kuwa kiongozi mwema. Wale waliokufa wakati yeye akijifunza, wana haki gani juu yake?

George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, hutajwa zaidi kwa ushindi wa Yorktown wa 1781 na kwa urais alioushika 1789. Miaka yake ya mwanzo ya uaskari, tangu 1753 hadi 1758, aghalabu hupitwa upesi. Kwa swali hili, miaka hiyo ndiyo yenye uzito.

Alizaliwa 22 Februari 1732 katika Virginia, iliyokuwa wakati huo koloni la Uingereza. Baba yake alifariki 1743, na elimu ya darasani haikumfikisha mbali: hakuingia chuo kikuu, wala hakujua Kifaransa, lugha iliyohesabiwa na mabwana wa zama zile kuwa ni pambo la lazima. Alijifunza kupima ardhi. Kaka yake Lawrence, mtoto wa mama mwengine, alikuwa amepigana upande wa Waingereza pale Cartagena 1741, na George alikulia chini ya kivuli chake. Lawrence alipofariki 1752, nafasi yake katika jeshi la mgambo ilibaki wazi; na kijana huyo, ambaye hajawahi kusikia mlio wa bunduki ya vita, akapewa cheo cha meja kabla hajatimiza miaka ishirini na moja.

Mwaka uliofuata Robert Dinwiddie, mkuu wa serikali ya Virginia, alimtuma kupeleka barua kwa Wafaransa waliokuwa wakijenga ngome katika bonde la Ohio, kuwataka waondoke. Wafaransa walimkaribisha kwa adabu na wakakataa kwa adabu. Alirudi Januari 1754 akiipasua theluji, na taarifa yake ya safari ikapigwa chapa Williamsburg, kisha London. Yafaa kukumbukwa kwamba jina lake lilianza kujulikana kwa kijitabu, si kwa upanga.

Miezi michache baadaye alirudishwa huko akiwa na askari. Asubuhi ya 28 Mei 1754, yeye na watu wake wapatao arubaini, pamoja na Tanaghrisson, kiongozi wa Waseneca ambaye Waingereza walimwita Nusu Mfalme, waliizingira kambi ya Wafaransa kama thalathini na tano waliokuwa wametua katika bonde lenye miamba. Mapigano hayakuchukua zaidi ya robo saa. Wafaransa kumi waliuawa na ishirini na mmoja wakakamatwa. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo kamanda wao, Joseph Coulon de Villiers de Jumonville. Namna alivyokufa imesimuliwa kwa njia zaidi ya moja, na iliyo maarufu ni kwamba alikuwa amejeruhiwa pale Tanaghrisson alipompasua kichwa kwa shoka. Jambo moja halina mabishano: Jumonville alikuwa amechukua ujumbe wa kuwataka Waingereza waondoke, na Uingereza na Ufaransa hazikuwa zimetangaza vita. Wafaransa wakasema ameuawa mjumbe. Washington akasema walikuwa wapelelezi, kwani mjumbe hajifichi bondeni.

Siku tatu baadaye alimwandikia ndugu yake barua, akimwambia kuwa amesikia risasi zikipiga mluzi na kwamba sauti ile ina utamu wake. Barua hiyo ilichapishwa London, na ikasimuliwa kuwa Mfalme George wa Pili alipoisikia alisema kwamba kijana huyo asingeyasema hayo lau angalizisikia nyingi. Wengi hulicheka jambo hilo kama upuuzi wa ujana. Cheko hilo lina wepesi usiostahili. Mtu wa miaka ishirini na miwili alikuwa amerudi kutoka mahali palipolala maiti kumi, na alichokiona kinafaa kuandikwa nyumbani ni ladha ya sauti.

Haikuchukua muda risasi zikawa nyingi. Akijua kwamba Wafaransa watakuja kulipiza, alijenga boma dogo la magogo katika mbuga iitwayo Great Meadows, akaliita Ngome ya Dharura. Mahali penyewe palikuwa bondeni, na msitu ulikuwa karibu kiasi cha adui kuweza kupiga risasi akiwa nyuma ya miti. Tanaghrisson aliliona boma hilo, akalidharau, akaondoka na watu wake. Tarehe 3 Julai 1754 walifika Wafaransa wapatao 600 pamoja na wenyeji kama 100 waliokuwa upande wao, wakiongozwa na Louis Coulon de Villiers, nduguye Jumonville. Watu wa Washington walikuwa kama 400. Mvua ilinyesha mchana kutwa, mahandaki yakajaa maji na baruti ikalowa. Kufikia jioni watu kama thalathini wa upande wake walikuwa wamekufa na sabini wamejeruhiwa.

Usiku ule Wafaransa walitoa masharti ya kusalimu amri. Karatasi ilikuwa imerowa, wino umetapakaa, na mshumaa ukizimika kila mara. Aliyepewa kazi ya kuisoma alikuwa Jacob Van Braam, Mholanzi, ambaye Kifaransa na Kiingereza vyote viwili vilikuwa lugha za ugenini kwake. Aliifasiri kwa mdomo, mstari baada ya mstari. Karibu na usiku wa manane Washington akatia sahihi. Asubuhi ya 4 Julai aliwaongoza waliosalia kutoka nje. Hakuwahi kusalimu amri tena maishani mwake.

Kilichokuja kujulikana baadaye ni kwamba hati ile ilitaja kifo cha Jumonville kwa neno la Kifaransa lenye maana ya kuua kwa hila. Washington na wenzake walishikilia kwamba Van Braam aliwaambia ni kifo tu, au kuondokewa. Yeyote aliyewahi kuvusha maneno kutoka lugha moja hadi nyengine ajua umbali uliopo kati ya mambo hayo. Kiswahili nacho hakikosi ngazi zake: kuna kufa, kuna kuuawa, na kuna kuuawa kwa hila, la kwanza ni kadari, la pili laweza kuwa vita, la tatu ni jinai. Kwa sahihi yake kijana yule alikiri jinai mbele ya Ulaya nzima. Mwaka 1756 serikali ya Ufaransa ilitoa kitabu cha kumshitaki pamoja na Waingereza, ndani yake mkiwamo shajara yake mwenyewe iliyotekwa vitani. Na mwaka huohuo Vita vya Miaka Saba vikatangazwa.

Lawama yote ikamwangukia mkalimani. Van Braam hakuwapo kujitetea, kwa sababu alikuwa amewekwa rehani kwa Wafaransa kama sharti la hati ileile, na hakupata uhuru wake hadi 1760. Baraza la Virginia liliposhukuru maofisa kwa majina, jina lake liliachwa. Huenda alikosea. Lakini mkalimani huchukua dhamana ya neno, na mwenye sahihi huchukua dhamana ya hati. Aliyeona kwamba haijui lugha, karatasi haisomeki na mfasiri anababaika, alikuwa na uamuzi wake: kutia sahihi na kuokoa watu waliobaki, au kukataa. Kutia sahihi pengine kulikuwa sawa, kwani watu mia tatu na zaidi walitoka hai. Lililo gumu kulikubali ni kumtupia mwengine uzito wote wa kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Vilevile Dinwiddie, aliyempa kijana asiyejua vita funguo za vita, hakustahili kutoka mikono mitupu katika hesabu hiyo. Dhamana ikigawiwa watu watatu haiwi theluthi kwa kila mmoja.

Yaliyofuata yaweza kusemwa kwa ufupi. Tarehe 9 Julai 1755 aliandamana na Jenerali Edward Braddock hadi Mto Monongahela, ambako watu wapatao 900, kati ya 1,300 waliopigana, waliuawa au kujeruhiwa. Farasi wawili walipigwa risasi chini yake na koti lake likatobolewa mara nne, naye hakuguswa. Akapewa uongozi wa kikosi cha Virginia, na 1757 akanyonga askari watoro ili wengine waone. Aliomba cheo cha jeshi la mfalme na hakukipata. Wakati wote huo alikerwa na mishahara midogo ya maofisa wa koloni, na kwa kuwa nahodha yeyote mwenye hati ya mfalme alijiona mkubwa kuliko kanali wa Virginia. Alijiuzulu mara moja na kutishia kujiuzulu mara nyengine kadhaa. Mwaka 1758 alichaguliwa katika Baraza la Virginia, hali yeye mwenyewe yuko vitani. Rafiki zake walikuwa wamewanywesha wapiga kura zaidi ya galoni 100 za ulevi kwa fedha zake. Mwisho wa mwaka akavua mavazi ya jeshi.

Basi vita vilimfunza nini mwanasiasa? Si ushujaa, kwani alikuwa nao tangu mwanzo, tena wa kupindukia. Alijifunza kwamba jeshi lililoshindwa bado laweza kuwa jeshi, maadamu halijazingirwa. Na 1776, alipofukuzwa New York, alirudi nyuma na kurudi nyuma hadi alipopata nafasi ya kupiga Trenton. Alijifunza kuogopa maneno makubwa. Kongresi ilipomteua kamanda mkuu Juni 1775, aliinuka na kusema waziwazi kwamba hajioni kuwa anatosha kwa kazi hiyo. Baadhi huuita unyenyekevu wa desturi. Ila mtu aliyeisaini hati ya Great Meadows alikuwa na sababu ya kuyasema hayo kwa dhati.

Ushahidi ulio mzito zaidi ni wa 15 Machi 1783, mjini Newburgh. Vita vilikuwa ukingoni, maofisa hawakuwa wamelipwa, na karatasi isiyo na jina ilipita kambini ikiwachochea waitishe Kongresi kwa nguvu ya silaha. Washington aliingia mkutanoni bila ya kutazamiwa, akawasihi waache. Alipotaka kuwasomea barua alitoa miwani, ambayo wengi wao hawakuwahi kumwona nayo, akawaomba radhi kwamba ameota mvi katika utumishi na sasa macho nayo yanamtoka. Baadhi yao walilia. Hadithi ya miwani husimuliwa sana. Lisilosimuliwa ni kwamba alikuwa akizungumza na sura yake mwenyewe ya ujana. Ofisa mwenye kinyongo cha mshahara, anayejiona amedharauliwa na watawala walio mbali, ndiye aliyekuwa yeye miaka ishirini na mitano nyuma. Alikijua kinyongo kile kwa ladha yake, na tangu 1759 alikuwa ameketi pia upande wa pili wa meza, pamoja na wabunge wanaoombwa fedha wasizokuwa nazo. Desemba mwaka huohuo alirejesha hati yake ya ukamanda mbele ya Kongresi mjini Annapolis, akaenda zake nyumbani. Na alipokuwa rais, 1793, Uingereza na Ufaransa ziliposhikana tena, aliyesaidia kuuwasha moto wa mwanzo baina yao alikataa kuitia nchi yake katika ule wa pili, ingawa alitukanwa kwa hilo.

Hesabu hiyo ingekuwa safi lau ingeishia hapo. Lakini somo halikuwafikia wote. Wenyeji wa nchi, ambao bila wao asingeliona njia ya kwenda Ohio, hawakupata sehemu ya hekima yake. Mwaka 1753 Tanaghrisson alimwita kwa jina alilokuwa nalo babu yake mkuu, lenye maana ya mharibu miji. Mwaka 1779 kwa amri yake jeshi liliingia katika nchi ya Wairoquois na kuteketeza vijiji kama arubaini pamoja na mashamba ya mahindi. Wazee wa Waseneca walimfikia akiwa rais, 1790, wakamwambia kwamba hadi siku ile jina lake likitajwa wanawake hugeuka kutazama nyuma yao na watoto hung'ang'ania shingo za mama zao.

Ama wale wa mwanzo kabisa, wa bondeni na wa boma la matope, aliwakumbuka vipi? Kuna barua ya 20 Julai 1776, aliyomwandikia Adam Stephen, mwenzake wa zamani. Nchi ilikuwa na siku kumi na sita tu tangu kutangaza uhuru, na meli za Waingereza zilikuwa New York. Ndani yake asema kwamba hakuiacha tarehe 3 wala tarehe 9 ya mwezi ule ipite bila ya kukumbuka kwa shukrani walivyookoka pale mbugani na kwenye kingo za Monongahela. Hakuna sababu ya kuidharau shukrani hiyo. Hata hivyo ni shukrani ya aliyeokoka, na walioachwa matopeni hawakutajwa.

Mbuga yenyewe ilikuwa yake wakati huo. Alikuwa ameinunua miaka michache nyuma, na hakuiuza hadi alipofariki Desemba 1799. Katika wasia alioutia tarehe 9 Julai mwaka huo, aliorodhesha mali zake moja baada ya moja, na Great Meadows imo: ekari 234, ardhi yenye rutuba, majani mengi yafaayo kukatwa kwa fyekeo, mahali pazuri pa kuweka nyumba ya wasafiri kando ya barabara ya Braddock. Mwisho wa maelezo aliongeza kwamba hapo ndipo palipopiganwa pambano la kwanza na Wafaransa, 1754. Safari hii hapakuwa na mkalimani, na neno alilolichagua mwenyewe ni pambano.