Maria Alikaa Miezi Mitatu



Luka anatuambia kwamba Bikira Maria alipomtembelea Elizabeti alikaa naye kama miezi mitatu. Hakusalimu tu akaondoka. Nyumbani kwa mama mjamzito mwenye umri mkubwa kazi haikosekani.

Huku Kambi Muru, Kibera, ukuta wa udongo hauzuii sauti. Baba amekosa kibarua, kodi haijalipwa, mama anatishia kurudi kwao. Jirani wote wamesikia. Mara watoto wanapelekwa makao ya yatima, na wazazi wangali hai! Watakula na kusoma, ndiyo, lakini nyumba imevunjika. Serikali ya Kenya nayo imeliona jambo hili: mpango wake wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe katika familia, si katika makao.

Sisi tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizikubali mjini Nairobi mwaka 1973. Basi zisiishie kwenye rozari. Chagueni mume na mke wanaojua kutunza siri, waingie nyumba hiyo kila juma. Mama ambebe mtoto ili mwenzake apike. Baba aandamane na mume kutafuta kazi. Mahubiri yangoje.

Lakini mume akiwa anapiga, msimwambie mke avumilie. Mpelekeni yeye na watoto penye usalama kwanza, kisha mkamwone chifu na afisa wa watoto. Mazungumzo ya kupatana yatafuata, mke mwenyewe akipenda.