Mizani ya Haki Haina Mpaka



Shehena itokayo bandarini petu Mombasa kwenda Uganda kwa njia ya barabara hupitia Malaba au Busia. Hapo mpakani bendera hubadilika na fedha hubadilika, lakini gunia la kilo 90 halizidi wala halipungui kwa kuvuka. Wateso na Wasamia wa huko wana jamaa pande zote mbili. Yampasa nani kati yao apewe haki pungufu?

Basi natuyatazame yaliyopita. Upande wa Uganda, tarehe 21 Septemba 1972, watu wa Idi Amin walimkamata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka mahkamani Kampala, asionekane tena. Muda mchache kabla ya hapo alikuwa ameamuru aachiliwe Muingereza aliyefungwa bila ya sharia. Tarehe 31 Januari 2025 Mahkama ya Juu ya nchi hiyo ilihukumu kuwa raia wasishitakiwe katika mahkama za kijeshi. Haikutimia miezi sita, Bunge likapitisha sharia ya kuwarejesha huko, na Rais akaitia sahihi.

Upande wa Kenya, tarehe 1 Septemba 2017, majaji 4 dhidi ya 2 walibatilisha uchaguzi wa Rais. Rais Uhuru Kenyatta akawaita wakora. Tarehe 24 Oktoba dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi. Kesho yake kulikuwa na kesi ya kutaka uchaguzi wa marudio usimamishwe. Wakahudhuria majaji 2, ilhali sharia yataka 5.

Je, ni watawala peke yao waipindao mizani? La. Tarehe 5 Septemba 2022 mahkama ile ile, majaji 7 kwa kauli moja, iliukubali ushindi wa William Ruto. Wengi walioisifu 2017 wakailaani, na walioilaani wakaisifu, wala hawakuisoma hukumu. Mtawala huthubutu kumtisha hakimu kwa kuwa ajua wafuasi wake watamshangilia.

Mwenyezi Mungu, katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, ametuwajibisha uadilifu hata pale unapotudhuru sisi wenyewe na jamaa zetu. Basi kabla hujamsifu hakimu au kumtukana, jiulize: lau hukumu hii ingekuwa juu ya hasimu wangu, ningeiita haki? Asiyeweza kulijibu hilo naye ameweka kidole chake juu ya mizani.

Mola atujaalie tuipende haki ijapotulemea. Wabillahi tawfiq.